Bartholomeo Maganga wa Ibadakuli na Jina Alilokwenda Nalo Vitani

Leo, tarehe 30 Juni 1978, baada ya miaka ishirini na mmoja ya kazi katika kiwanja cha ndege cha Ibadakuli, Mzee Bartholomeo Maganga anastaafu. Alitakiwa akabidhi filimbi, ufunguo wa stoo na fimbo ya kufukuzia ng'ombe. Fimbo ameikatalia. Anasema ni yake, alikuja nayo kutoka kwao, na serikali ikitaka fimbo ikakate mti. Basi anakabidhi filimbi na ufunguo.

Kazi ya kuandika wasifu huu amepewa Mwanaima, karani wa abiria, Mzaramo wa Kisarawe. Mstaafu ni Msukuma. Mkuu wa kiwanja alipouliza kama hakuna mtu mwingine mwenye ulimi mpole zaidi, mstaafu mwenyewe alisema aachiwe mtani wake, kwa sababu mtani ndiye atakayekuzika, na akimaliza atakucheka. Kwa hiyo atakayeudhika na yaliyomo humu ajue ruhusa ilitoka wapi.

Mzee Bartholomeo alizaliwa karibu mwaka 1923, si mbali na mji wa Shinyanga. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la huku kwetu, wakati wa vita vya Hitla, akapigana Burma. Aliporudi alibatizwa, akamwoa Mama Justa, akaenda kufanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita, ambako aliendesha mashine ya kuwashusha watu shimoni. Mwaka 1957 alihamia hapa. Husema kazi hizi mbili zinafanana: kule aliwatazama watu wakishuka chini, huku anawatazama wakishuka kutoka juu, na kote kote wanashuka wamekunja uso.

Kazi yake hapa haikuwa na jina moja. Alifyeka majani, alizima moto, alibeba mizigo, alipandisha ule mfuko wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unakotoka. Kuna mwaka mfuko huo ulipotea usiku, akaufuatilia kijiji kwa kijiji mpaka akaukuta unachuja pombe ya mtama kwenye arusi. Aliurudisha siku ya pili. Hakueleza kwa nini hakuurudisha siku ile ile, na sisi tuliosikia harufu yake hatukuuliza. Marubani walilalamika kwamba mfuko una madoa. Aliwajibu kwamba upepo hauna macho.

Lakini umaarufu wake ni ng'ombe. Ibadakuli kila mfugaji anaamini njia ya ndege ni malisho ambayo serikali imemfyekea. Mzee Bartholomeo aliwajua ng'ombe wote kwa rangi na wenyewe wote kwa tabia, na ndege ilipokaribia alikimbia na filimbi mdomoni kama refa. Mwaka 1969 ng'ombe mmoja alilala katikati ya njia akaanza kuzaa, huku ndege yenye mgeni mkubwa wa serikali ikiwa tayari juu ya mji. Mzee aliwasha tairi bovu, moshi ukapanda, rubani akaelewa asitue, akazungukazunguka angani mpaka ndama akasimama. Mgeni alipotua alitaka kujua ni hatari gani iliyokuwapo. Mzee alimpigia saluti, akamwambia amepata mwananchi mpya. Mgeni alicheka, na ndiyo maana Mzee alikuwa nasi miaka tisa mingine.

Sasa tufike kwenye jambo lililomkosesha raha muda wote huo, ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu.

Wasukuma mnawajua. Ngoma zao zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na mtu akishaingia upande mmoja hatoki hata umpe zizi zima. Baada ya mavuno pande hizo hushindana, na waimbaji hutungiana nyimbo za kuchambana mpaka masikio yawake. Kila mwimbaji ana jina la ngoma. Hilo ndilo jina la fahari. La nyumbani ni la kuitiwa ugali. Huyu Mzee wetu mpole aliitwa Lugembe, yaani wembe, na kilichokuwa kikikata ni ulimi. Rafiki yake wa chanda na pete, Ngasa, aliitwa Makoye.

Mwaka 1942 Lugembe na Makoye walikwenda pamoja kujiandikisha jeshini. Mzungu alipouliza majina, walitoa yale ya ngoma, kwa sauti, vifua mbele. Hawakukusudia kumdanganya mtu. Waliona kwamba kwenye jambo kubwa kama vita mtu hutoa jina lake kubwa.

Ngasa alipigwa risasi Burma, akafa mbele ya macho ya mwenzake. Barua ya msiba ilikuja bomani ikiwatafuta jamaa wa askari Makoye, na kwa kuwa bomani hakukuwa na mzee aliyeandikwa kuwa na mtoto wa jina hilo, ikarudi ilikotoka. Habari ililetwa na Bartholomeo mwenyewe alipoachiwa jeshini. Mama yake Ngasa alimsikiliza, akampa maziwa, akamshukuru. Kisha akasema kwamba mwanawe alichukuliwa na serikali, na atamlia siku serikali itakapokuja kumwambia. Haikuja. Yule mama alifariki akiwa hajafanya matanga ya mwanawe, na jambo likabaki mikononi mwa binti yake, Limi. Limi mnamjua wote: ndiye anayetuuzia karanga hapa nje ya geti.

Nishani za Burma zilipogawiwa, Bartholomeo alikuwa Geita. Jina la Lugembe liliitwa mbele ya umati. Baba yake, Mzee Maganga, alikuwapo na alilisikia vizuri sana. Ila wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwalimu wa dini misheni, na hakutaka padri ajue kwamba yule Lugembe wa matusi ni wa nyumbani kwake. Akainama kufunga kamba za viatu mpaka likaitwa jina jingine. Nishani ikarudishwa. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, na Mzee Bartholomeo akisimulia hapo hucheka, ingawa si sana.

Mwaka 1962 Mzee alianza kuomba kumbukumbu za jeshi zirekebishwe, ili Lugembe na Makoye wajulikane ni akina nani, na nishani zao zitolewe. Alijibiwa kwamba Bartholomeo Maganga hayumo katika kumbukumbu. Lugembe yumo, lakini aliko hakujulikani. Alijibu kwamba aliko kunajulikana, yuko Ibadakuli, anafukuza ng'ombe. Baadaye nchi yetu na Uingereza zikawa hazisalimiani kwa miaka kadhaa, na maombi yake yakalala. Ziliposalimiana akaanza upya.

Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, askari wa zamani walipojipanga mjini na nishani zao vifuani, yeye alisimama na watazamaji, pembeni ya Limi. Kuna aliyemshauri ajiingize tu kwenye mstari, nani atauliza? Alikataa. Alisema akiingia mwenyewe kwa mlango wa nyuma, Ngasa atabaki nje peke yake. Tuliofanya naye kazi tunajua kwamba siku kama hiyo alirudi kazini mapema na hakutaniwa, hata na Mzaramo.

Mwaka juzi ofisi inayoshughulikia askari wa zamani ikakubali kusikiliza, kwa sharti moja: aletwe shahidi aliyewajua wote wawili tangu ujana, asiye ndugu wala mwenzao wa ngoma, kwa kuwa wako watu waliokuwa wakisaidiana kudai nishani za marehemu. Shahidi wa namna hiyo alikuwa amebaki mmoja tu duniani, naye ni Maige.

Maige alikuwa mwimbaji wa upande wa pili. Vijana wale walipoondoka kwenda vitani, alitunga wimbo wa kuwacheka, unaotaja kila mmoja ni wa nyumba ipi, na wimbo huo ulipata wafuasi kuliko nyimbo zote za Lugembe. Na kwao kuna desturi: ukienda kwa mpinzani wako kumwomba akuimbie wimbo aliokuchamba, umekubali kwamba alikushinda. Na ukikubali hivyo, unakaa chini kwenye udongo mpaka wimbo uishe. Lugembe hakuwahi kukaa chini mbele ya mtu. Alisitasita mpaka Mama Justa akachoka, akamwuliza kichwa hicho kimekwisha ota mvi, sasa anangoja kiote pembe ndipo akubali?

Akaenda. Pranlal, mwenye duka mjini, alikuwa na lori linalokwenda Nkome, kule ziwani anakoishi Maige, kufuata dagaa, akampakia juu ya magunia matupu. Alimkuta Maige ufukweni akifukuza ndege kwenye dagaa walioanikwa. Wazee hawa hawakuwa wameonana tangu ujana wao. Walianza kwa kutukanana, kwa Kisukuma kizuri, tangu nywele mpaka kucha, na kinamama waliokuwa wakigeuza dagaa wakadhani inakuja vita. Walipotosheka wakashikana mikono. Ndipo Bartholomeo akauomba wimbo.

Mwenyewe anasimulia kwamba Maige kwanza aliwafukuza ndege walioshuka tena kwenye dagaa. Halafu akasema siku zote alikuwa akiingoja siku ya Lugembe kuja kukubali, na sasa Lugembe amekuja, na wale wote waliotakiwa kuona wamekufa. Akakubali kuja Shinyanga, kwa sharti kwamba hatapunguza hata neno moja, pamoja na ubeti wa masikio makubwa.

Afisa aliyewapokea alikuwa kijana wa Moshi, mstaarabu, Kisukuma hajui. Aliwaamkia shikamoo, akawapa viti. Maige alisimama. Mzee Bartholomeo alikisogeza kiti pembeni, akakaa kwenye sakafu ya saruji, miguu ameinyoosha, suruali ya kazi imepigwa pasi. Afisa alimsihi ainuke, akadhani mzee anaumwa. Mkalimani akamweleza aache, ndivyo inavyotakiwa.

Maige akaimba. Lugembe mwana wa Maganga na Makoye, yule Ngasa kaka yake Limi, wameitupa ngoma yao kwenye mvua, wamekimbilia vitani kujificha, maana risasi ya huko ina nafuu kuliko wimbo wetu. Yalifuata ya masikio, ambayo mkalimani aliyaruka. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Nje kwenye kibaraza kulikuwa na watu wazima wanangoja shida zao, na mama mmoja anapiga deki. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, yule mama akaitikia. Wakafuata wale wa kwenye benchi. Walikuwa wakiuimba walipokuwa wadogo, wakichunga, bila kujua Lugembe ni nani. Ubeti wa pili kibaraza kizima kilikuwa kinaitikia, na Mzee Bartholomeo kule sakafuni alikuwa anaitikia nao, machozi yanamtoka na anacheka.

Afisa hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wimbo wa kughushi hauitikiwi na watu ambao hawajawahi kuonana. Aliwaapisha wote wawili, akaomba na baadhi ya wale wa kibarazani waapishwe, akapeleka maelezo Dar es Salaam.

Mwezi uliopita kulikuja kifurushi kwa ndege. Aliyekishusha na kukibeba hadi ofisini ni Mzee mwenyewe, hajui amebeba nini, akinung'unika kwamba siku hizi watu wanatuma vitu vyepesi kwenye maboksi makubwa. Sisi tuliokuwa tumeambiwa kwa simu tulinyamaza makusudi ili tumwone uso. Tulipomwonyesha alivua kofia, akatoka nje kwenda getini kumwita Limi, na karanga za siku ile hazikuuzwa. Kumbukumbu zimerekebishwa. Nishani ni mbili, na kwenye barua iliyoambatana nazo kila mmoja ameandikwa kwa majina yote, la ngoma na la nyumbani.

Ndugu Mkuu wa kiwanja, Mama Justa, wageni wetu kutoka Nkome na mjini, tunamshukuru Mzee Bartholomeo kwa kazi aliyoifanya hapa juani na mvuani. Ametufundisha kuwahi, ametulishia watoto mahindi ya kuchoma, ameturekebishia baiskeli zetu wote na kulaani jinsi tunavyoziendesha. Anakwenda kulima pamba yake na kukaa na mkewe, ambaye amesema atampangia kazi kuanzia kesho asubuhi. Mzee wetu, ukalale usingizi mzuri, ng'ombe wa kuwafukuza sasa wawe wako mwenyewe, na maisha yako mbele yawe mema kwa muda mrefu. Mtani wako atalia kidogo, halafu ataendelea kukusema.

Baada ya chai, afisa wa wilaya atakabidhi nishani. Mzee ameomba yeye aitwe wa pili. Wa kwanza ataitwa Ngasa, aliyejiandikisha kwa jina la Makoye, na atakayemwitikia ni dada yake. Limi ametuambia kwamba kesho nyumbani kwake, mtaa wa Kambarage, ataanza matanga ya kaka yake, na kila mtu anakaribishwa. Jina hilo litakapotajwa, tafadhali tusimame wote.