Siku Baba Alipoingia Nyumbani Kwangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu katika Kristo, na apewe sifa mara ya pili kwa ajili yangu mimi niliyechelewa kumsifu! Wengi wenu katika parokia yetu hapa Ekerenyo mnanijua kama mwalimu wa wakatekumeni, mtu anayeweza kutumia saa nzima kufafanua maneno mawili ya kwanza ya Sala ya Bwana, kwa Kigiriki, kisha kwa Kilatini, na mwisho kwa Kiswahili. Leo sikuja kufafanua. Nimekuja kukiri kwamba kwa miaka kumi na mmoja sikuyatamka maneno hayo katika sala. Mliposimama na kusema "Baba yetu," mimi nilifunga midomo, nikajiunga nanyi kuanzia "uliye mbinguni." Hakuna aliyegundua. Mungu aligundua!

Nilipelekwa seminari nikiwa bado mdogo, na baba yangu mzazi, ambaye kwa Ekegusii tunamwita Tata, aliwatangazia watu hadi soko la Kebirigo kwamba mwanawe atakuwa padre. Mwaka wa mwisho niliacha masomo hayo. Sikufukuzwa, niliona, baada ya kusali na kushauriwa, kwamba wito wangu ulikuwa mwingine. Tata alinisikiliza hadi mwisho, akachukua kofia yake, akaenda kukama ng'ombe. Hakuniuliza lolote siku hiyo, wala mwaka huo.

Nikaoa, nikajenga ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu saa kutoka kwake. Siku padre alipokuja kubariki nyumba, Tata alifika akiwa amevaa suti yake ya kijivu, akasimama uani karibu na migomba mpaka ibada ikaisha, kisha akaondoka. Hakuvuka kizingiti. Nikaapa moyoni: sitamwita baba mpaka aingie nyumbani kwangu.

Ndugu zangu, ninyi Abagusii wenzangu mmekwisha kuliona kosa langu. Kwa desturi yetu, mzazi wa kiume haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima tunayoiita chinsoni: baba na mwana mtu mzima hawagusani ovyo, na chumba cha mmoja ni mwiko kwa mwingine. Nami niliijua desturi hiyo tangu jandoni! Lakini moyo uliojeruhiwa hautafuti ushahidi wa kweli. Hutosheka na ushahidi wowote. Niliichukua adabu ya mzee nikaiita chuki. Kisha nikaichukua sura hiyo ya baba mkimya anayesimama nje, nikambandika Mungu. Nilifundisha kwamba Mungu ni Baba, na kila nilipofundisha nilimwona kwa mbali, karibu na migomba, kofia mkononi. Imani ya namna hiyo inaweza kufaulu mtihani, lakini haina pumzi.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa nikishuka mteremko na kikapu cha majani chai mgongoni. Nikateleza, nikavunjika mfupa wa paja. Nilirudishwa nyumbani nikiwa na plasta kutoka kiunoni hadi mguuni, nikalala wiki baada ya wiki bila kuweza kugeuka. Kila asubuhi mke wangu Kemunto aliniletea maziwa lala kwenye kibuyu. Nilipomwuliza yametoka kwa nani, alijibu, akiniita kwa jina la binti yetu, "Kunywa, Baba Moraa. Maziwa hayana kitambulisho."

Alasiri moja baridi ilizidi. Kemunto alikuwa akienda kwenye sala ya jumuiya kwa jirani, nami nikamwomba aniachie jiko la makaa chumbani na afunge dirisha.

"Makaa ndani, na dirisha limefungwa?" akasema. "Hilo si jambo zuri."

"Kati yangu na wewe, nani amesoma?"

"Haya, msomi wangu. Ukikauka kama samaki omena usiseme sikukuambia." Akafunga dirisha, akaenda.

Sikujua kwamba makaa huua bila moshi. Kwanza kichwa kilianza kuuma, kisha nikaona usingizi mzito, na nilipotambua kinachonipata, mikono ilikuwa imekwisha kuwa kama ya mtu mwingine. Nilijaribu kuuteremsha mguu, plasta haikusogea. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo. Nikatafuta sala. Zote nilizozijua zilinikimbia, za Kilatini zikitangulia! Ndipo likanitoka neno ambalo nilikuwa nimeapa kutolitamka. Nilimwita mtu niliyedhani yuko ng'ambo ya bonde, na nilimwita kwa sauti isiyozidi ya mtoto mwenye homa: "Tata! Tata!"

Ndugu zangu, mlango ulifunguka kabla sijaita mara ya tatu!

Baba yangu, mzee wa zaidi ya miaka themanini, aliingia katika nyumba ambayo mila ilimkataza, akapita sebule, akaingia hadi chumba cha kulala. Alilikamata blanketi nililolalia, akaniburuta nalo kama gunia la chai, juu ya kizingiti, mpaka barazani. Kisha akapiga magoti, akanishika uso kwa mikono yake miwili. Sikumbuki kama aliwahi kunigusa tangu nilipotahiriwa. "Pumua," alisema. "Pumua, mwana wangu. Niko hapa."

Kemunto aliporudi ndipo nilipoelezwa. Tangu siku nilipovunjika, Tata alikuwa akivuka bonde kila asubuhi na kibuyu cha maziwa, akikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba chini ya paa, nje ya dirisha la chumba changu, hadi jioni, akamsihi mkwewe asiniambie. "Unafikiri ningekuacha hivyo hivyo na mguu huo?" Kemunto akaniambia. "Hujawahi kubaki peke yako hata siku moja."

Nilimwuliza Tata kwa nini hakusema. Akacheka. "Ungesikia? Wewe unasikia Kigiriki." Kisha akasema, "Siku ile ulipoacha upadre sikukasirika. Sikujua mtu kama mimi amwulize nini mtu aliyesoma."

Habari zikaenea. Mzee Nyakundi, wa rika lake, alikuja kesho yake amekunja uso. "Umeingia kwa mwanao hadi chumbani? Hilo linataka mbuzi wa utakaso."

"Mbuzi wapo wengi," Tata akamjibu. "Mwana ni huyu. Mlete huyo mbuzi, tutamla pamoja."

Nilimlilia Mungu siku hiyo kwa furaha! Nilikuwa nimefundisha miaka yote kwamba Neno alifanyika mwili, bila kuelewa kwamba nilikuwa nikisimulia habari za Baba ambaye hakukubali heshima yake imzuie kutufikia. Hakungoja nje ya mateso yetu. Aliingia hadi chumba cha ndani kabisa, akatushika uso. Na ule ukimya wake niliouita baridi ulikuwa kukesha kwake, nami nilikuwa nikinywa maziwa yake kila asubuhi nikiuliza ni ya nani.

Namshukuru Mungu kwa uhai huu. Namshukuru kwa mke mwenye busara kuliko vitabu vyangu. Namshukuru kwa Tata, ambaye sasa nakunywa naye chai uani kila Jumapili baada ya Misa, tukizungumza bila kumaliza.

Nawe ndugu yangu, dada yangu, unayesikia haya: pengine baba yako mzazi alikupiga, au alikuacha, au hukumjua kabisa. Siwezi kukuahidi kwamba yuko nyuma ya nyumba yako. Lakini Baba wa mbinguni yuko, tena karibu kuliko ukuta. Usingoje mpaka uwe na maneno mazuri, wala mpaka moyo upoe. Mwite ukiwa umelala, mwite ukiwa na hasira, mwite kwa sauti iliyobaki. Anakuja!