Kichwa cha Kaswera Mbele ya Mashine

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na saba Februari, mwaka elfu mbili ishirini na nne, saa nne kasorobo asubuhi. Wapo wanaosimulia kwamba ilikuwa Jumapili baada ya misa. Haiwezekani, kwa sababu Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya kumaliza kilio, na wote watakaotajwa hapa walikuwa uani kwa marehemu. Omer naye hushikilia kwamba ilikuwa adhuhuri. Lakini Omer husoma saa kwa tumbo lake, na asubuhi ile alikuwa hajala. Saa nne kasorobo, basi, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa duka la Papa Kataliko, hapo Mubi, mji mdogo wa barabarani, mahali ambapo malori ya Bukavu husimama kupoza injini na wenye pikipiki hugombania abiria. Papa Kataliko, mtu wa Butembo aliyeuza misumari, vipuri na sabuni katika mji huo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alikaa pembeni kabisa, kikombe mkononi, akisikiliza. Barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa na vita, sukari imeadimika, na Mama Rosalie, mpika kahawa ya tangawizi, alikuwa akiikoroga kwa kijiko kikavu ili wateja wapate angalau mlio.

Aliyeleta neno lenyewe alikuwa Kaswera, binti wa marehemu kaka yake Kataliko. Miaka sita alikuwa ameishi Montréal na mume wake Archange. Alipopata habari ya kifo cha mama yake alipanda ndege, akaja kwa njia ya Bukavu na Hombo, akakuta kaburi limekwisha kufunikwa. Kesho yake, Jumapili hiyo ya kumaliza kilio, watoto wote wa marehemu wangenyolewa vichwa, kama ilivyo desturi ya ukoo, na Jumanne yeye angerudi.

— Baba mudogo, alisema bila kukaa, Archange amepiga simu. Anasema nisinyolewe.

— Archange iko na mambo gani na wembe ya watu? akadakia Omer. Huyu waliyemwita Douane, yaani forodha, alizeeka juu ya malori, akipitisha mizigo ya wengine kwenye kila kizuizi kati ya Bukavu na Kisangani, na kwa sababu hiyo alijihesabu kuwa bingwa wa mipaka yote ya dunia.

— Haiko Archange, Papa Omer. Iko mashini.

— Mashini gani?

— Ya uwanja ya ndege. Sisi wenye carte ya résidence permanente, wenye wanaruhusiwa kuishi kule siku zote, tukirudia toka inje tunapita kwa mashini. Unatia passeport, inakuangalia uso, inapiga foto, inakuuliza maswali, inatoa karatasi. Mimi sijaipitia hata siku moja. Wakati niliingia kule, mutu njo alinipokea.

— Na nywele inaingia fasi gani mu ile mambo?

— Foto ya mu carte iko na misuko mirefu, mpaka hapa. Kaswera akagusa mabega. Archange anasema, mashini ikiona kichwa wazi itaandika X kubwa juu ya foto yangu mu ile karatasi, na watanivuta kando kwa afisa. Anasema kule hawachezake. Na batoto wangu wawili banangojea pale ngambo ya mulango.

Kataliko alitazama kitambaa cheusi alichojifunga binti huyo kichwani. Neno la mwisho lilikuwa la Kataliko. Kaka yake alikwisha kufa, sasa na mke wa kaka. Katika ua ule hakuna aliyebaki juu yake. Akisema binti asinyolewe, hakuna shangazi ambaye angefungua kinywa mbele ya watu. Lakini nyuma ya nyumba wangefungua, tena kwa miaka mingi: kwamba Kaswera alikuja kutembea tu, kwamba kilio cha mama yake hakikumalizika kwake.

— Usiogope, alisema Trésor, kijana wa pikipiki waliyemwita Réseau, yaani mtandao, kwa jinsi alivyotembea na simu juu kama anayeomba mvua. Ile mashini haisome nywele. Inapima kati ya macho na macho, kati ya pua na kinywa. Mifupa, dada. Mifupa hainyolewake.

— Wewe uliipitia lini? akauliza Omer.

— Niliona video.

— Video! Mimi nimepita barrières, vizuizi vya njia, tangu hauyazaliwa. Nikwambie: hakuna barrière bila chef, mukubwa. Yule wa kufungua kamba iko mbele mu jua, lakini chef iko nyuma, mu kivuli, anakunywa. Ile mashini njo wa kamba. Ndani yake kuko mutu, muzungu mufupi, amekaa mu kiti. Dada atamusalimia vizuri, atamupatia ya kahawa, atapita.

— Atamupatia fasi gani, Papa Omer?

— Si kuko kitundu ya kutia passeport?

Hata Kaswera alicheka, akakaa. Mama Rosalie akampa kikombe.

— Mimi sicheke, alisema Rosalie. Hao watu ya baridi waliifundisha kwa sura ya nani? Hata mapadri wazungu walikuwa wanatuchanganya, na waliishi na sisi miaka makumi mbili. Wewe ukija na kichwa wazi, itakuona sawa na Trésor.

— Mama Rosalie! Mimi iko na ndevu!

— Ndevu saba. Inaweza kuziacha.

Omer akainuka. Alichukua karatoni tupu ya sabuni mlangoni pa duka, akalitoboa dirisha kwa kisu cha kukatia kamba, akaingiza uso wake humo.

— Simama hapa, Kaswera. Njo kujifunza. Mimi niko mashini. Bip! Leta passeport.

Kaswera akampa kifuniko cha sufuria.

— Bip! Uso. Usicheke, mashini haipendake kicheko. Wewe ni nani?

— Kaswera.

— Uongo! Kaswera yangu iko na nywele. Huyu ni nani?

Alisema kwa mzaha, lakini sauti aliyoitoa ilikuwa ileile ya vizuizini, sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri kabla ya kukutazama. Kaswera alirudi nyuma hatua moja. Kataliko aliiona hatua ile. Yeye mwenyewe alikuwa amepita mbele ya watu wa namna hiyo mara nyingi: wanakuinua kidevu, wanapima pua yako kwa jicho, wanaamua wewe ni mtoto wa nani na kwa hiyo adui wa nani. Aliwaza kama kingekuwa kitu chema kuangaliwa na kitu kisicho na njaa wala kisasi. Huenda ni chema. Lakini mtu wa kizuizini, hata awe mbaya namna gani, ukimwambia umetoka kuzika, mara nyingine hushusha kamba. Mbele ya karatoni la namna ile utamwambia nani?

— Toa huo uso, Omer, alisema. Umemutia mutoto woga.

— Namufundisha, Papa! Mashini iko na wivu. Ilimuoa na ile sura ya mbele. Mutu akitoka nyumbani na nywele na akirudia bila nywele, bwana gani hatauliza? Tena kuko mambo ya kulia! Ju uso yenye imelia inavimba, mifupa ya Trésor inahama fasi yake. Kule Ulaya wako na hesabu ya huzuni. Ikizidi, banakurudisha kwenu umalizie kulia.

— Kanada haiko Ulaya, alisema Trésor.

— Baridi iko moja!

— Basi avae perruque, wigi, akasema Rosalie. Anyolewe kesho, na Jumanne atie perruque ya misuko sawa na ya foto. Kwisha.

Trésor akapiga makofi. Lakini Kaswera alitikisa kichwa.

— Kisha kunyolewa haufunikake na nywele ya duka, mama. Zinapaswa kuota zenyewe, na watu bazione zikiota. Ama sivyo ni kama umemutania marehemu.

Jambo hilo lilikuwa kweli, na benchi lote lililijua. Kataliko akaona saa ya kusema imefika. Alikuwa amelipanga neno lake tangu kikombe cha kwanza: wembe ungegusa tu, wangekata ncha ya msuko mmoja mbele ya wote, naye angetangaza kwamba kwa ajili ya safari imetosha. Watoto wa Kaswera walikuwa hai, na walio hai hutangulia. Alikohoa.

Hapo ndipo aliposikika mwanamke aliyekuwa amesimama karibu na moto wa Rosalie, na kipande cha chungu mkononi. Aliitwa Annonciata, mkulima wa maharagwe kutoka milima ya Masisi, mmoja wa wale waliokimbia vita na kulala shuleni. Alikuwa amekuja kuomba makaa, na kwa adabu alingoja wanaume wamalize.

— Mubarikiwe, bapapa. Dada, pole na mama.

— Asante, mama.

— Ile maswali yenye mashini inauliza, njo gani?

Kaswera alihesabu kama alivyofundishwa na mume wake.

— Ulikaa inje wakati gani. Unaleta nyama? Unaleta mimea, mbegu, udongo? Silaha? Feza mingi? Ulifika mu shamba yenye mifugo?

— Ni ile tu?

— Ni ile tu.

— Haikuulize kwenu waliamuka namna gani?

Trésor alianza kucheka, akaona uso wa mwanamke, akaacha.

— Hapana, mama. Haiulize.

— Na kisha ya mashini, mu njia, mu soko, kule kwenu mupya, alisema Annonciata polepole, kama mtu anayetaka kweli kujua, nani njo atakuangalia na ajue kama umepoteza mama?

Omer alitoa uso kwenye dirisha la karatoni. Trésor aliitazama simu yake, ambayo haikuwa na mtandao. Rosalie aliacha kukoroga. Kataliko aliliacha neno lake lililopangwa vizuri, la ncha ya msuko. Lori moja likapita kuelekea Hombo, vumbi likawafikia, hakuna aliyefunika kikombe.

Annonciata aliona aibu kwa swali lake.

— Munisamehe. Ni ju sisi tulikimbia siku ya pili ya kilio tu. Mama yangu alilala pale mulimani na hakuna mwenye alitunyoa. Watu ya shule banapita, banasema ‘jambo’, basi.

Kaswera aliinua mikono yake kitambaani, akalifungua fundo, akakivua. Misuko ikaanguka mabegani, mizuri, ya gharama, kama ile ya kwenye picha. Aliikusanya yote kwa mkono mmoja nyuma ya shingo.

— Baba mudogo, kesho mutaanza kunyoa nani?

— Mukubwa, alisema Kataliko. Siku zote ni mukubwa.

— Mimi njo mukubwa.

— Kaswera, alisema, na sauti yake haikuwa ya mwenye ukoo bali ya mzee aliyetishwa. Na ile X?

— Iandike.

— Watakuvuta kando, mutoto.

— Kule kando kuko mutu, baba mudogo. Mashini ikinikubali, nitapita moja kwa moja mpaka nyumbani, na hakuna mwenye ataniuliza kitu. Ikinikataa, mutu atanikalisha mbele yake. Atashika passeport, ataangalia foto, ataangalia kichwa. Anapaswa kuuliza.

— Na akiuliza nywele ilienda wapi? Omer alisema. Alikuwa ameliweka karatoni chini.

— Nitamutajia jina yote ya mama.