Tata Kisimba na Sanduku Lililopita Bila Kufunguliwa

Jumamosi hii, tarehe 29 Juni 1985, Citoyen Kisimba Ngeleka, ambaye sote tunamwita Tata, yaani baba, anastaafu baada ya kuitumikia idara ya mbuga na wanyama miaka thelathini na mitatu na miezi karibu mitano. Alianza tarehe 4 Februari 1952 akiwa mbeba mizigo wa walinzi. Anaondoka akiwa mtunza ghala wa ofisi ya Kolwezi. Kati ya kazi hizo mbili, kwa miaka kumi na tisa alikuwa mlinzi wa kizuizi cha barabara ya Kasaji, na huko ndiko wengi wetu tulikomjua.

Kwa desturi wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Mkuu wa ofisi, Citoyen Kazadi, alipomwuliza nani aandike wake, Tata Kisimba alijibu, "Baandike batoto ba masomo. Beko na muda, na habaogope kuandika kweli." Mwalimu wetu, Citoyenne Mbombo, akanichagua mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Naitwa Mwanvua, niko mwaka wa tano wa sekondari. Sikustahili kuchaguliwa, na mbele kidogo nitaeleza kwa nini.

Kazi ya kizuizi ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kila gari litokalo porini husimama. Mlinzi hutazama kibali cha kuwinda cha mwenye nyama, huangalia kama mnyama aliyeuawa ni yule aliyeandikwa, na katika miezi ya mvua, wakati uwindaji umefungwa kwa sababu majike yana mimba, hapitishi nyama ya porini hata kipande. Wafanyabiashara nao hawakosi akili. Nyama iliyokaushwa kwa moshi huizika katikati ya gunia la makaa, ambamo mkono hauwezi kufika.

Tata Kisimba alitumia chuma chembamba chenye urefu wa mita moja. Alikitia ndani ya gunia mpaka chini, akakichomoa polepole, akanusa ncha yake. Kwa sababu hiyo akina mama wa makaa walimwita Tata Pua. "Tata Pua, ni makala tu!" walimpigia kelele kutoka juu ya lori. "Utanusa mpaka na muguu yangu?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Muguu yako nilisha kuisikia tangu Kasaji, mama." Lori zima lilicheka, hata mwenye gunia lililokamatwa.

Wenzake wanakumbuka kiboko aliyeingia katika dimbwi la kuoshea madini, upande wa Kingamyambo, mwaka 1975. Watu walitaka apigwe risasi siku hiyo hiyo. Tata Kisimba aliomba siku tatu. Alikusanya vijana na madebe matupu, akawapanga pande tatu za dimbwi, upande wa nne akauacha wazi, na siku ya tatu kiboko akarudi mtoni kwa miguu yake. Citoyen Kazadi anasema kuwa ripoti ya kazi ile ilikuwa na mistari miwili: "Kiboko amekwenda. Madebe mawili yameharibika."

Wakati wa vita vya 1978, kila mtu alipokimbia na godoro au sufuria, yeye alichukua madaftari ya hesabu ya wanyama, akayatia ndani ya pipa la mafuta na kulizika nyuma ya ofisi. Hesabu hiyo ni kazi yake ya pili. Kila mwezi alitembea porini siku nne kwenye njia ile ile, akiandika kila kundi alilolikuta. Leo idara inajua idadi ya palahala, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, kwa sababu mtu mmoja alitembea njia moja kwa miaka mingi.

Halafu kuna sisi wanafunzi. Kila Alhamisi alikuja shuleni kwetu Dilala na baiskeli yake kutufundisha nyayo, mavi na sauti za wanyama. Alitupenda, na alituamini kupita kiasi. Kwenye kizuizi hakuwahi kumpekua mtoto aliyevaa sare ya shule. "Hawa ni balinzi ba kesho," aliwaambia madereva. "Mulinzi hapekue mulinzi." Ndiyo maana watoto wote wa njia ile tulisafiri na sare, hata siku za likizo.

Sasa nafika mwaka 1981. Kwenye faili la Tata Kisimba mwaka huo una barua moja ya lawama, na barua hiyo haisemi yote.

Mwanzoni mwa Januari nilikuwa nikirudi kutoka Kasaji, kwa bibi yangu, ndani ya lori la baba yangu, Masudi. Baba hakuwa safarini. Alikuwapo dereva wake, pamoja na shangazi yangu Amisa, ambaye huuza vyakula soko la Dilala. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kabla ya kufika kizuizini shangazi alisimamisha lori, akafungua sanduku langu la bati, akatoa madaftari na nguo, akapanga nyama iliyokaushwa chini, kisha akarudisha madaftari juu. "Funga kinywa, Mwanvua," akaniambia. "Uko na sare. Yule hagusake batoto ba masomo." Niliona vizuri alichotia. Ilikuwa nyama ya palahala, na shangazi mwenyewe alikuwa amelalamika njiani kwamba mwindaji alimwuzia jike lenye mimba.

Tata Kisimba alichoma chuma katika magunia yote, akanusa yote. Alipofika kwangu alikiegemeza chuma chake kwenye gurudumu.

"Mwanvua, likizo ilikuwa muzuri? Uliona nyama gani kule?" Kwetu mnyama wa porini naye huitwa nyama.

"Nyani tu, Tata."

"Nyani? Weye unasafiri mbali sana kuangalia bandugu yako!" Akacheka, akapiga ubao wa lori kwa kiganja, akaniambia, "Pita, mama."

Nikapita.

Siku tatu baadaye wakaguzi kutoka Lubumbashi waliikuta nyama sokoni. Shangazi alikiri nyama ilipita barabara gani, lakini hakusema ilipitaje. Mtaani watu wakaamua wenyewe kwamba Tata Pua amekula matabishi, yaani rushwa, na pua yake imeziba. Wakaguzi walimwita. Walipomwuliza kama kuna kitu kilichopita bila kufunguliwa, angeweza kusema hapana. Alisema, "Ndiyo. Masanduku ya batoto ba masomo." Walimwuliza watoto gani walipita juma lile. Alijibu kwamba walikuwa kumi na wanne, na kwamba hatataja hata mmoja.

Kwa hiyo aliondolewa kizuizini na kupelekwa ghalani, kulinda ngozi zilizokamatwa na baiskeli zisizo na minyororo. Cheo cha mkuu wa kituo, ambacho kilikuwa kimeandaliwa kwa ajili yake, akapewa mtu mwingine. Tangu Februari mwaka ule kila mwanafunzi anafungua sanduku lake kwenye kizuizi, na wenzangu kumi na watatu waliosafiri juma lile, ambao hawakubeba kitu, waliitwa watoto wa wawindaji mpaka shuleni. Mimi nilinyamaza pamoja nao, kana kwamba nilikuwa mmoja wao.

Yeye aliendelea kuja kila Alhamisi. Nilihama kutoka dawati la mbele kwenda la nyuma, nikasema macho yangu yanaona vizuri nikiwa mbali. Kwa miaka minne na nusu nilinakili masomo yake kwa mwandiko mzuri, na ni mwandiko huo ulionifanya nichaguliwe leo. Naona haya kuandika mistari hii. Ningeona haya zaidi kuiacha.

Shangazi anajua ninaandika nini. Hakufurahi, lakini hakunikataza. Baba aliuliza tu Tata Kisimba anasafiri siku gani.

Alhamisi iliyopita nilimpelekea Tata Kisimba karatasi hizi ghalani, asome kabla hazijasomwa mbele ya watu. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akiwa amesimama. Nilingoja anifukuze. Alipomaliza aliniuliza, "Lile jike lilikuwa na mimba kweli?"

"Ndiyo, Tata."

Akaenda kwenye rafu, akateremsha daftari la 1981, akafungua Februari. Hapo aliandika wakati ule: kundi la palahala la mto mdogo, kumi na moja, jike moja halionekani. Pembeni kulikuwa na alama ya kuuliza. Akaifuta kwa raba, akaandika: limeuawa, na ndama tumboni. Akapuliza vumbi la raba.

"Nililitafuta ile jike miezi tatu," akasema. "Nilifikiri nilihesabu mubaya."

Nililia. Hakunibembeleza, na hakunigombeza pia. Alinirudishia karatasi na kusema, "Usifute kitu. Ila tarehe ya kuanza kazi ulikosa. Uliandika moja, ni ine. Tarehe moja bwana mukubwa alinirudisha nyumba, nikate nywele kwanza."

Nimeisahihisha, kama mlivyosikia mwanzoni.

Kwa niaba ya wanafunzi wa Dilala naiomba ofisi jambo moja: karatasi hizi ziwekwe kwenye faili la Citoyen Kisimba, nyuma ya barua ya 1981, ili atakayeisoma barua asome na hizi. Citoyen Kazadi ameahidi kulipeleka ombi letu Lubumbashi.

Tata Kisimba, tunakushukuru kwa Alhamisi zote, kwa kiboko, na kwa majina kumi na manne ambayo hukuyataja. Jumatatu unarudi kwenu Kasaji, kwenye shamba lako la mihogo, na lori la baba yangu ndilo litakalokupeleka. Sanduku la bati lililo hapa karibu na meza ni lile lile. Nimelisugua kwa majivu, sasa ni lako, utie nakala za madaftari yako. Ulilikubali kwa sharti moja, kwamba kwenye kizuizi lifunguliwe kama masanduku mengine yote. Litafunguliwa. Nami nitakuwapo, nimevaa sare, kulifungua kwa mikono yangu mwenyewe.

Uwe na afya, mihogo yako iote vizuri, na palahala wa mto mdogo wazidi kuongezeka.

Pita, Tata.