Mzee Wabuge Astaafu na Pikapu Tuliyoiita Birika

Ijumaa tarehe 27 Machi 2026, Mzee Nicanor Wabuge alikabidhi funguo za ofisi baada ya kuwa dereva wa Ushirika wetu wa Maziwa, hapa Eldoret, kwa miaka thelathini na mmoja. Ufunguo mmoja alibaki nao, na sababu tutaieleza.

Alipoajiriwa mwaka 1995 alipewa pikapu nyeupe ambayo hata wakati huo haikuwa mpya. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wapimaji wa maziwa Moiben na kuwarudisha. Kuondoka hakukuwahi kumshinda. Kufika ndiko kulikotegemea maji.

Pikapu hiyo ilichemka mlimani, ikachemka kwenye tambarare, na wakati mmoja ilichemka ikiwa imeegeshwa. Tuliiita Birika. Mzee aliijaza rediata maji matupu, ya mto au ya mvua, wala hakutia kulanti, ile dawa ya kijani inayozuia injini kuchemka na kushika kutu. Alipoulizwa alijibu, "Baridi ya Eldoret ni ya bure. Ya kununua ni ya nini?"

Uongozi ulilipenda sana jibu hilo, ukamtunuku cheti cha kubana matumizi. Gasketi za injini zilizoungua kwa kuchemka huko zililipiwa kutoka fungu lingine, kwa hivyo akiba yake ilibaki kuwa akiba.

Ndipo ukazaliwa utaratibu uliowashangaza wageni wetu: hakuna aliyepanda Birika bila maji yake mkononi. Hata meneja, Bwana Kigen, alisafiri na suti yake na mtungi mapajani, ameukumbatia kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Mama Bridgit, mfugaji wa Moiben, akiona mvuke barabarani alitoka langoni na ndoo mkono mmoja, chupa ya chai mkono wa pili.

"Mzee, leo nani anakunywa kwanza, wewe ama gari?"

"Pea gari, Mama. Mimi bado sijachemka."

Aliyekataa kucheka ni mmoja tu, mkewe, Mama Nabalayo. Siku ya harusi ya binti yao Nanyama, Birika iliwasimamisha njiani, wakafika watu wakijipangusa makombo ya keki. Mama Nabalayo aliapa kwamba hatakanyaga tena ndani ya gari hilo, na akalishika neno lake. Tangu hapo Mzee alimpita stejini akipiga honi, naye akaangalia upande wa pili.

Mwezi wa Februari kamati iliamua kwamba badala ya saa ya ukutani, Mzee azawadiwe Birika. Wengine walinong'ona kwamba hiyo ilikuwa rahisi kuliko kuivuta hadi kwa wanunuzi wa vyuma. Mzee alishukuru. Sasa alikuwa na gari lake mwenyewe, na mke ambaye hangekubali kurudi nalo nyumbani Moi's Bridge siku ya kuagwa.

Kesho yake asubuhi tulimkuta uani, mikono ya shati imekunjwa. Aligusa boneti kwa mgongo wa kiganja, kama anayempima mtoto homa, akahakikisha injini ni baridi kabisa ndipo akafungua kifuniko cha rediata. Aliweka beseni chini, akalegeza koki. Yaliyotoka yalikuwa mazito na mekundu kama uji wa wimbi. Alisuuza kwa maji safi mpaka yakatoka meupe, akaukagua kila mpira wa kupitishia maji, akaubadilisha uliopasuka. Kisha akachanganya kulanti na maji safi nusu kwa nusu, akamimina polepole, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi, akangoja mapovu yaishe, akaongeza palipopungua.

Diana, anayerithi kazi yake, alikuja mbio na chupa ya maji kama tulivyozoea.

"Weka hiyo kando, mama. Hii si gari ya ofisi tena."

Bwana Kigen alisogea akachungulia injini. "Kumbe hii kazi unaijua, Mzee?"

"Naijua tangu zamani, Bosi. Lakini wakati huo gari ilikuwa yetu sote."

Akafunga kifuniko.

Siku ya kuagwa, baada ya hotuba na keki, ambayo mara hii Mama Nabalayo aliiwahi, Mzee alimfungulia mlango wa Birika. Mama alilizunguka gari, akainama akatazama chini ya injini, akanyooka.

"Ikichemka, Baba Nanyama, nashuka na sirudi."

Akaingia, mtungi wa lita tano mapajani. Sisi tulisimama langoni na chupa zetu, kwa mazoea.

Jioni Mzee alipiga simu. Mshale wa joto haukupanda hata kidogo. Mtungi ulifika Moi's Bridge umejaa, na Mama Nabalayo amepika chai kwa maji yale.

Huku nyuma, Diana ameomba kulanti kwa ajili ya gari jipya la Ushirika. Kamati inalijadili ombi lake. Kwa sasa amekabidhiwa ndoo, pamoja na maelekezo ya kufika kwa Mama Bridgit.

Mzee Wabuge, asante kwa kila safari, hata zile tulizomalizia kwa miguu. Tunakuombea uzee wenye afya, barabara njema, na Mama Nabalayo kando yako kwenye kiti cha mbele.