Jina Chini ya Reli Tatu

Mzee Baudelio, baba mkwe wake, ndiye aliyemwambia Delfina kwanza: kesho chama cha treni ndogo za mezani cha mji wa Alamosa kitang'oa kila kipande cha reli ambacho fundi wake hakuandika jina chini ya meza. Mbele ya duka la mikate aliwamiminia kahawa wakongwe wa benchi, mwanawe amelala kifuani, na wao hawakuwa na jingine la kusema ila zile reli tatu zisizo na jina kwenye meza ya chama.

— Treni mbili, pana na nyembamba, njia moja! — alisema Nyundo, aliyefanya kazi relini miaka thelathini. — Reli moja zinachangia, halafu kila treni na ya pili yake. Nimekagua kwa miwani miwili, sijaona kosa.

— Baudelio huyo, — alisema Profesa, ambaye shule hakuimaliza. — Misumari kama miguu ya sisimizi! Anaipanga kwa sumaku.

— Sumaku kitu gani, wee! Kawafuga hao sisimizi, wanampigilia.

— Cheka tu. Mtu anabana pumzi nusu saa.

— Huyo basi si mtu, ni samaki.

— Na mbona hakuandika jina?

— Maringo. Anataka tumbembeleze.

Ione, dereva wa lori la viazi, alikuwa mlangoni akingoja burito yake, chapati ya kukunjwa na maharage.

— Samahani, wazee. Baudelio si ndiye anayetetemeka mikono tangu baridi ianze? Jana hapa kashindwa kufunga kifungo cha koti. Sasa hizo reli kapigilia nani?

Profesa akanyoosha kikombe aongezewe. Delfina akaficha nyuma ya birika kidole gumba chenye plasta.

— Kahawa imekwisha, — akasema, akaingia ndani.

Mchana alimsihi mkwewe:

— Baba, si uandike jina lako tu?

— Mimi nilikuonyesha, mama. Aliyepigilia ni wewe. Usinitume kusema uongo.

Kesho yake asubuhi alimwachia babu mtoto, akaingia chini ya meza ya chama na penseli. Akaandika herufi moja moja, bila kosa: Delfina Archuleta. Alipotoka, magoti yote vumbi, Nyundo alikuwa amesimama pale na koleo la kung'olea. Akainama, akasoma. Akavua kofia.

— Mama, — alisema taratibu, — ile kona ya mezani ya kwenda kituo cha Antonito bado haina reli ya tatu.

Delfina akachukua koleo mkononi mwake, akaomba misumari.