Mama Hyera na Vali Namba Saba

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika kiwanda chetu cha mafuta ya maganda ya korosho hapa Ruhuwiko, Songea, Bi Ekaristia Hyera anastaafu leo, Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025. Kamati ya hafla imeniomba mimi, Muhsini Bakili, mhandisi wa uzalishaji, niandike wasifu wake kwa lugha ya staha na kwa kurasa zisizozidi mbili. Kuhusu kurasa nitatii.

Aliajiriwa mwaka 1992 kama kibarua wa kupakua maganda kwenye malori ya Tunduru. Kwa nini kiwanda cha korosho kilijengwa mwendo wa nusu siku kutoka zilipo korosho, waulizwe waliokijenga. Wote walikwisha kuagwa kwa sherehe kubwa kuliko hii. Mama Hyera alipandishwa kwenda boila la mvuke, akahamia mashine ya kukamulia, na tangu mwaka 2001 amekuwa mkuu wa zamu. Kwenye karatasi cheo chake kimebaki Fundi Msaidizi mpaka leo asubuhi. Amewasaidia wahandisi wakuu saba, na kila mmoja alipofika alianza kwa kumuuliza yeye swichi iko wapi.

Kazi yake kubwa haimo kwenye mkataba. Ni kuwapokea wanafunzi wa uhandisi kemikali wanaokuja fildi kila Julai, wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Mmoja alikuja na koti jeupe la maabara na raba nyeupe, kwenye kiwanda ambacho mafuta yake yanababua ngozi. Mwingine aliazima kofia ngumu ya Mama Hyera, akapiga picha mbele ya boila, akairusha mtandaoni na kujiita mhandisi, kisha kesho yake akaomba ruhusa ya kwenda kwenye semina ya kukuza taaluma. Ukiwauliza watakuwa nani baada ya miaka mitano, wanajibu bila kumeza mate. Ukiwauliza maganda yanaingilia wapi, wanatazama simu.

Kwenye ukuta wa ofisi ya zamu kuna mchoro mkubwa wa kiwanda, wenye fremu ya kioo. Wiki ya kwanza kila mwanafunzi hupewa kazi moja tu: afuate mabomba kwa miguu yake, kutoka shimo la maganda hadi tangi la mwisho, achore alichokiona kwa macho. Karibu kila mmoja husubiri Mama Hyera atoke, kisha huupiga picha ule mchoro wa ukutani na kuunakili. Mchoro una vali namba saba, kati ya mashine ya kukamulia na tangi la kutuliza mafuta. Vali hiyo iling'olewa mwaka 2006 kwa sababu ya kuvuja, na bomba likahamishwa. Mama Hyera aliuacha mchoro ulivyo kwa makusudi. Akikagua kitabu cha fildi cha mwanafunzi, ambacho kila ukurasa wa wiki unahitaji sahihi yake, hushusha kidole taratibu mpaka kwenye namba saba, hutabasamu, husema neno moja: nipeleke.

Siogopi kuitoa siri hii hapa. Wanafunzi wa fildi hawasomi kitu kilichochapishwa na kiwanda, na wakubwa wetu hawasomi hata walichokichapisha wenyewe. Tazama jalada la ratiba uliyoishika. Kamati imeweka mchoro uleule kuwa pambo, na vali namba saba imekaa juu kidogo ya jina la Mama Hyera.

Mwaka 2017 mashine ziliposimama siku tatu, utawala ulileta mtaalamu kwa ndege. Alikataa kuongozana na Fundi Msaidizi, akachukua mchoro, akaitafuta vali namba saba tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hakuiona, lakini hilo halikumzuia kuandika kwenye ripoti yake kwamba ibadilishwe. Utawala ukaagiza mpya. Osmund, mtunza ghala wetu, anayo mpaka leo ndani ya boksi lake. Mashine zenyewe alizifufua Mama Hyera jioni ileile, alipogonga mabomba kwa spana na kulitambua kwa mlio lile lililoziba.

Nisijitoe kwenye kundi la waliochekwa. Nilikuja fildi mwaka 2012, mtoto wa mkulima wa korosho wa Nalasi, Tunduru, nikiamini kwamba kuhusu korosho hakuna mtu wa Songea wa kunifundisha. Nami nilinakili. Aliposema nipeleke, nilimpeleka, nikamzungusha kwenye mashine mara mbili huku jasho likinitoka, mpaka yeye mwenyewe akanionea huruma. Akaniambia hatasaini. Bila sahihi zake ningerudia mwaka, na nyumbani hakukuwa na uwezo wa mwaka wa kurudia. Baba yangu mdogo Saleh, jirani wa Mama Hyera kule Mfaranyaki, alikwenda kuniombea msamaha. Alipokewa vizuri, akanywa chai, akarudi na jibu hili: "Ndugu Saleh, huyu kijana iko siku atafungua mvuke kwa kuamini karatasi, na mbele ya bomba kuna mtu amesimama. Mimi naogopa hapo tu."

Basi nikafuata mabomba, wiki saba, ndani ya gambuti alizoniazima, kubwa kuliko miguu yangu. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Alisaini kurasa saba. Ya wiki ya kwanza aliiacha wazi, akaniambia nikajieleze chuoni mwenyewe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Msimamizi wangu wa chuo, ambaye ukaguzi wake hapa Songea ulikuwa nusu saa na picha ya getini, aligonga muhuri bila kukifungua kitabu. Nilifaulu vizuri, alhamdulillahi, na aibu yake ninayo hadi leo.

Sasa utawala umetangaza kwamba Mama Hyera akiondoka, kufuata mabomba kunafutwa, eti kunapoteza muda. Badala yake itakuwepo semina ya siku mbili hotelini, ya kujitambua, kujiuza kwa waajiri na kuvaa vizuri siku ya usaili, na cheti chenye kingo za dhahabu. Wanafunzi wa mwaka huu bado wana wiki mbili, lakini mimi nimeshaletewa vitabu vyao kumi na tisa nivisaini vyote kabla ya hafla hii. Nimeambiwa kwa upole kwamba nisiposaini, nafasi yangu itazungumzwa kwenye kikao kijacho. Nimevifungua. Vali namba saba imo ndani ya vyote, na kwenye kimoja imepakwa rangi nyekundu.

Juzi nilimpelekea Mama Hyera kitabu changu cha mwaka 2012, nikamwomba anisainie ile wiki ya kwanza, iwe kumbukumbu ya kuagana. Nilidhani miaka kumi na mitatu na ovaroli yenye jina langu kifuani vingetosha. Alivaa miwani, akashusha kidole, akasema, "Nipeleke." Tukaenda. Pale pana matundu mawili ya bolti na utando wa buibui. Alinirudishia kitabu bila kukisaini, akanishika bega, akasema hana kinyongo na mimi, ila vali haipo.

Mama, asante. Wengi wetu tuna vidole kumi na macho mawili kwa sababu yako, na hatukukuambia mapema. Rudi Mfaranyaki ukapumzike, ulime mahindi yako, uamke jua likiwa limepanda, na Mungu akupe afya ya kuyafaidi hayo miaka mingi. Osmund atakukabidhi lile boksi la ghalani; hakuna mwingine mwenye haki nalo. Ukurasa wangu nitauacha wazi kama ulivyouacha. Na vile vitabu kumi na tisa viko mezani kwangu bila sahihi hata moja. Jumatatu saa moja kamili asubuhi, wenye vitabu waje na buti, wanipeleke.