Mzee Rula na Jumamosi Tano za Kutazama Ukuta

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani, mimi ninayesoma ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Nilipoambiwa nisome wasifu huu nilikataa mara mbili. Wengi wenu mnajua sababu: kwa miaka tisa mimi na kaka hatukusemezana. Wifi yangu ndiye aliyenishika mkono akasema, "Wifi, wewe ulimjua kwa kugombana naye. Sisi wengine tutampamba tu." Basi nimekubali, na sitampamba.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba alikuwa fundi cherehani, na mama alifua mashuka ya hospitali. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya kituo cha treni, na cherehani ilikaa mlangoni ili ipate mwanga. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia upesi kama wengine. Alifumbua macho akamkunjia uso kila aliyekuwemo chumbani, mpaka shangazi yetu akasema, "Mh! Huyu amekuja kukagua." Mama alilicheka jambo hilo hadi uzeeni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, akaendelea na sekondari hadi 1971, kisha akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu ufundi wa magari mwaka 1974. Akiwa darasa la tano alinyoosha kidole akamwambia mwalimu wa hesabu, "Samahani mwalimu, mstari wako umepinda." Mwalimu akampa rula aupime mbele ya darasa zima, akijua kijana ataumbuka. Loo, mstari ulikuwa umepinda kweli! Aliambiwa akae chini na afunge mdomo. Rula hakuirudisha, na nadhani mambo yote yalianzia hapo.

Baada ya chuo alifanya kazi gereji miaka mitano. Tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa na kampuni ya bima kuwa mkaguzi wa magari yaliyopata ajali, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2014. Alizunguka yadi na gereji, kamera ya filamu shingoni. Popote palipobonyea au kukwaruzwa aliweka kando rula yake ya njano ili ofisini wajue ukubwa wa uharibifu, akapiga picha. Kisha alijaza daftari: tarehe, mahali, kasoro. Aliandika hivyo kwa miaka thelathini na mitano, maelfu kwa maelfu. Hakupindishwa na mtu, hilo hata waliomchukia watamshuhudia. Makanika ndio waliompa jina la Mzee Rula, na wakati huo hajafika hata miaka thelathini.

Tarehe 6 Disemba 1980 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa chekechea, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja. Nyumba yao ilikuwa safi, imenyooka, na ilichosha. Chai imejaa mno. Pazia limezidi upande mmoja. Mtoto kapata tisini na mbili, sasa hizo nane zimekwenda wapi? Siku moja wifi aliweka sufuria chini akamwambia, "Baba watoto, mimi sijagongwa na gari. Acha kunizungukazunguka." Watoto walikimbilia uani kwenda kucheka.

Mimi sikujaliwa subira ya wifi. Jumapili, tarehe 21 Juni 2015, niliwaalika ndugu waje waione nyumba niliyoijenga miaka kumi na moja, tofali kwa tofali, kwa jasho langu la kupika shuleni. Wote walinipa hongera. Kaka akatoka uani, akaona ufa chini ya dirisha, akachomoa rula mfukoni, mtu amestaafu mwaka mzima huyo! Akaiweka kando ya ufa, akapiga picha, halafu mbele ya wageni wangu akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Jamani, niliona kama nimevuliwa nguo hadharani. Nikamwambia, "Kaka, nimekukaribisha chai, sikukuita kukagua. Mlango ule pale." Akaondoka. Mimi nikangoja aje kuniomba radhi, yeye akangoja nizibe ufa. Kwa ukaidi hakuna aliyemzidi mwenzake, maana tumbo ni moja.

Mwezi Februari 2018 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimwagiza atembee kila siku, polepole. Kutembea bila kazi kulimshinda, akaibeba kamera yake ya zamani. Picha zake alizipeleka kusafishwa katika studio ndogo karibu na stendi, kwa mzee mmoja mpiga picha za pasipoti, ambaye yuko nasi hapa leo. Zile za kwanza zilikuwa vituko. Paka amelala, na rula kando ya mkia. Viatu vya wifi mlangoni, na rula. Mpiga picha alizitazama akauliza, "Mzee mwenzangu, huyu paka kagongana na nani?" Kisha akampa masharti. Apige picha moja tu kwa siku. Kabla ya kubonyeza asimame, avute pumzi tatu. Na asijiulize kimeharibika nini, ajiulize kuna nini hapa.

Wifi anasema alihangaika karibu mwaka mzima. Alikwenda, akasimama, akavuta pumzi zake, akarudi bila picha, amenuna. Hata asubuhi moja akatoka uani, rula ameisahau mezani, akamkuta wifi anakung'uta shuka na jua linapenya kwenye kitambaa. Akavuta pumzi tatu. Akapiga. Kisha akakaa kwenye ngazi akalia kama mtoto. Akamwambia, "Mama watoto, nilidhani nimezaliwa kutafuta makosa. Kumbe nilizaliwa kupenda kutazama, nikaajiriwa kutafuta makosa." Wifi akamjibu, "Umekawia, lakini karibu nyumbani." Tangu siku hiyo rula ilibaki kwenye mtoto wa meza, na watoto wake wanasema ndipo walipoanza kumpigia simu bila kujipanga kwanza.

Habari hizo zilinifikia. Nikasema, haya, kwangu mbona haji?

Jumamosi, tarehe 7 Septemba 2024, alipiga hodi. Alikuwa amekonda, shati linampwaya. Hakusema samahani. Alisema, "Mdogo wangu, naomba kiti nikae uani." Nikajua amekuja kuukagua ukuta wangu tena, lakini kwa hali aliyokuwa nayo nisingeweza kumfukuza. Nikampa kigoda. Akautazama ukuta saa nzima, kamera mapajani, kisha akaaga. Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu nikashindwa kuvumilia. "Kaka, unapiga au hupigi?"

"Bado naona ufa tu," akasema.

Nilisusa nikaingia ndani, hata kumuaga sikumuaga. Lakini kwa nini mtu aseme ukweli kama ule na uso wa huzuni kiasi kile? Jumamosi ya nne nilimpelekea chai, nikaijaza makusudi hadi ukingoni. Akainywa bila neno. Ya tano, tarehe 5 Oktoba, nilikuwa naanua nguo huku namkumbusha rula aliyomwibia mwalimu, mara nikasikia kamera imelia. "Umeona nini?" nikamwuliza. Akasema, "Subiri mkanda uishe, utaona." Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilingoja aseme lile neno moja la kuniomba radhi. Hakulisema, na mimi sikumwuliza.

Tarehe 20 Oktoba alilazwa hospitali ya wilaya. Nilikwenda kila siku. Jumapili ya mwisho nilitaka tuyamalize kwa maneno, nikaishia kumwekea mto vizuri. Akafumbua jicho moja akasema, "Umepinda." Tulicheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa wifi. Alikuwa na miaka sabini na miezi minane kasoro siku mbili.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake wawili tuliobaki. Ameacha pia picha za miaka sita, moja kwa siku, na rula ya njano, ambayo wajukuu wameshaanza kuigombania.

Juzi binti yake mkubwa alipeleka mkanda wa mwisho studio. Haukuwa umeisha, lakini mwenye kuumaliza hayupo tena. Picha ya kwangu ndiyo iliyochapwa nyuma ya ratiba mliyoishika. Ufa upo, sikatai, pale pale chini ya dirisha. Mbele yake nimo mimi, nimekumbatia nguo kifuani, nacheka mdomo wazi na pengo langu lote nje. Umri huu wote sikujua kwamba nikicheka ninafanana na mama.

Binti yake akanikabidhi na daftari aliloandikia picha zake. Siku ile ameiandika kwa mwandiko wake wa ofisini, mstari kwa mstari, kama alivyoandika magari ya watu.

Tarehe: 5 Oktoba. Mahali: kwa mdogo wangu. Kasoro: nilichelewa kuja.

Nami nilichelewa kumpa kiti. Kaka yetu apumzike kwa amani.